Mkono wa Kushoto wa Msalaba

Tarehe 2 Februari

Mdogo wangu Mchungaji,

Kama kuna mtu aliyezaliwa na bahati kwenye ukoo wetu, ni mimi, na hilo uwaambie hata wazee wako wa kanisa. Mafundi wa kuchomelea wa rika langu wote wamekwisha macho. Mmoja anashikwa mkono kupelekwa msalani. Mwingine juzi alisimama akaamkia geti, shikamoo na heshima zote, akidhani ni mama mkwe wake. Mimi je? Macho ya tai. Naona nzi akinawa mikono ng'ambo ya barabara. Ile skwea, chuma cha pembe ambacho wenzangu wanapimia kona, nimeitundika ukutani kama pambo, kwa sababu jicho langu lenyewe ni skwea. Wateja wanapanga foleni. Nikikohoa tu, mtu anaagiza dirisha.

Baada ya kujisifu, salamu. Hujambo wewe? Mama hajambo? Miguu yake imeacha kuvimba, au bado anaificha chini ya kanga ukimuuliza? Sisi huku wazima. Shemeji yako anakusalimu, anasema unenepe kidogo, mchungaji mwembamba anatisha waumini.

Naandika barua badala ya kupiga simu kwa sababu kwenye simu kila nikianza kugomba wewe unasema "tuombe," na mtu hawezi kugombana vizuri na mtu aliyefumba macho.

Sasa nagomba. Mahubiri yako yamerekodiwa, yanazunguka kwenye simu za watu, yamefika mpaka kwenye karakana yangu. Umesimama mimbarini ukasema kaka yako wa damu alivua shati lake la shule kwa hiari yake, akakuvalisha wewe, akaenda kuchomelea chuma ili wewe usome, kama Kristo alivyojitoa msalabani. Watu wakalia. Nimesikia mama mmoja akipenga kamasi kwenye hiyo rekodi. Tangu siku hiyo hapa mtaani naitwa Msulubiwa. Mwenye duka la rangi ananiuliza leo ni siku ya ngapi, kama nimeshafufuka.

Sikiliza, wewe mtoto. Sikuvua. Nilivuliwa. Mzee wetu ndiye aliyenivua, Mungu amrehemu, siku aliyosema nyumba hii haiwezi kusomesha wawili. Nilikuwa nimeshavaa viatu. Hakuniuliza. Kama unanifananisha na mtu humo kwenye Biblia yako, nifananishe na mbuzi, maana mbuzi haendi buchani kwa hiari, anavutwa kamba.

Na uongo wa pili, umewaambia nilipoteza. Nilipoteza nini? Shule ingeniharibu. Ningekuwa kama wewe, mtu wa kusema "wapendwa" kila dakika.

Umeniomba nichomelee msalaba wa chuma wa kutundika nyuma ya mimbari, uwe tayari kabla ya Ijumaa Kuu. Nitauchomelea, zawadi, na utakuwa mzuri mpaka shetani aje kuuangalia. Sharti langu ni moja. Unitoe kwenye mahubiri. Ukinitaja tena, msalaba na undugu vyote basi.

Kaka yako


Tarehe 11 Februari

Kaka,

Shikamoo. Mimi na Mama hatujambo. Miguu bado imevimba na bado anaificha. Nimemsomea barua yako, nikaruka mahali ulipomtaja Mzee. Akaniambia, "Soma na hapo ulipomeza." Nikasoma. Aliendelea kuchambua mchele.

Kwanza, nilipata shida kuisoma. Herufi zako zimekuwa kubwa kama za ubaoni, na mistari inapandana, mwingine umekanyaga mwenzake. Uliandika ukiwa umelewa? Nauliza kwa upendo.

Pili, umenidhalilisha. Sikukutaja ili watu wapenge kamasi. Nilikuwa nafundisha kitu kigumu: kwamba mtu anaweza kuchukua nafasi ya mwingine, na yule mwingine akaishi kwa sababu hiyo. Vijana hawaelewi. Wanauliza, mtu kufa zamani huko kunanihusu nini? Nikawaambia, mimi najua kunavyohusu, kwa sababu kila asubuhi nikivaa shati najua nani hakulivaa. Huo si uongo, kaka. Hicho ndicho kitu cha kweli kuliko vyote ninavyojua, na wewe unakifanyia mzaha wa mbuzi.

Kristo hakuvutwa kamba. Alijua wanakuja na mienge, na bustani ile ilikuwa na njia ya kutokea nyuma. Hakutoka. Hapo ndipo tofauti ya sadaka na mauaji ilipo.

Kama wewe ulivutwa, basi sema ulivutwa. Lakini usiseme hukupoteza kitu. Ukisema yote mawili kwa pumzi moja unaonekana mtu anayeficha jambo.

Msalaba nauhitaji. Sharti lako silikubali bado.

Mdogo wako


Tarehe 19 Februari

Mchungaji,

Hatujambo, asante kwa kutouliza. Anayeandika safari hii ni shemeji yako, kwa kuwa wewe siku hizi ni mkaguzi wa mwandiko. Mimi nasema, yeye anaandika. Ukiona matusi yamepungua, ujue ni yeye ameyachuja. Mimi nimeyasema yote.

Sijalewa. Kama ningelewa ningekupenda zaidi.

Umesema bustani ilikuwa na njia ya nyuma. Haya. Sasa nikuulize kama mtu aliyeishia darasa ambalo wewe ulilipita unakimbia. Kabla ya wale watu wa mienge kufika, si alimwomba baba yake kwamba kama inawezekana, hicho kikombe kipite? Aliomba, akarudia, jasho likamtoka. Na baba yake akajibu nini? Alinyamaza. Mimi hiyo kunyamaza naijua. Mzee wetu alininyamazia vilevile, ameshika shati langu mkononi, anatazama kabati. Mkisoma ninyi mnaona upendo wa mbinguni. Mimi nikisoma naona Mzee.

Niambie, baba gani amekasirika mpaka hatulii bila kuona damu ya mwanawe? Hapa mtaani tungeita watu. Na wewe unasimama na kola yako nyeupe unasema, huo ndio upendo. Upendo gani huo unaohitaji misumari? Mimi nimechomelea vitanda vya watu waliooana, vyumba vyao vimejaa upendo, na sikuwahi kuona msumari hata mmoja zaidi ya wa kutundikia picha.

Na najua kwa nini unataka nilitoe shati kwa hiari. Siyo kwa ajili ya vijana wako. Kama nilijitoa, wewe ulipewa. Kama nilivuliwa, wewe umevaa nguo ya mtu. Unataka nife kwa hiari ili wewe upate usingizi. Lala, bwana. Lala bila mimi.

Shemeji yako amesimamisha kalamu anasema hayo ya mwisho niyafute. Sifuti.

Leta vipimo vya msalaba.

Kaka yako


Tarehe 1 Machi

Kaka,

Shikamoo, na shikamoo hiyo natoa kwa sababu Mama ananiangalia.

Vipimo viko kwenye karatasi ya pili. Naomba uvifuate. Bomba la mraba, usilipinde, usilipambe, usiweke maua wala ndege kama uliyoweka kwenye geti la yule mwenye duka la rangi. Mikono miwili iwe sawa kabisa. Mzee wa kanisa anayesimamia jengo ni mtu wa kupima kila kitu akiwa amefumba jicho moja.

Umesema nataka usingizi. Ndiyo, nautaka. Umefurahi? Nimesoma vitabu vingi kutafuta usingizi huo. Wewe umelifanya jeraha lako kiti cha enzi, umekaa juu yake, na kila anayekuja kukuamkia anapaswa kuinama. Unasema hukuumia, halafu unataka watu wote waombe radhi. Mimi nimechoka kuinama kaka.

Kuhusu baba aliyekasirika. Hayo unayosema hata mimi yaliniumiza nikiwa chuoni. Lakini hujasoma vizuri. Yule aliyetuma na yule aliyetundikwa si wawili, mmoja mkali juu na mwingine mnyonge chini. Ni Mungu mwenyewe aliyeshuka. Hakumvua mtu mwingine shati, alivua lake. Siku Mzee angeacha kazi yake ya ulinzi, akashika yeye ile mashine ya kuchomelea, akasema wanangu wote wawili nendeni shule, hapo ungemwita katili?

Najua utajibu nini. Utajibu, lakini Mzee hakushika mashine. Kweli. Mzee hakuwa Mungu, na hilo tatizo lako na langu halitatuliwi kwa kumgombeza Mungu.

Sasa nikukumbushe kitu ulichokiruka, wewe uliyenishutumu kwa uongo. Mzee alikuvua, nakubali. Nilisema vibaya mimbarini, nitasahihisha. Lakini nani alinivalisha? Mzee alilitupa lile shati kitandani akaenda kazini. Mimi nilikuwa nalia kwenye kona ya kabati, silitaki, nakuogopa wewe. Ukaja. Ukanishika begani ukanigeuza. Ukaniingiza mkono wa kulia, kisha wa kushoto. Ukafunga vifungo kuanzia chini kwenda juu. Cha shingoni kilikuwa kimekatika, ukakata kipande cha waya wa redio ya Mzee ukabana. Ukasema, "Simama wima, usije ukanitia aibu." Hakuna aliyekuambia ufanye hivyo. Mzee hayupo, Mama yuko kisimani. Wewe tu.

Hapo, kaka, kamba ilikuwa wapi?

Mdogo wako


Tarehe 22 Machi

Mchungaji,

Salamu kwa Mama, mguu mmoja mmoja.

Vifungo nilikufunga kwa sababu ulikuwa unadondosha kamasi kwenye shati, na shati lilikuwa langu. Usinitengenezee malaika.

Msalaba unakuja na lori la saruji, dereva nimemwambia aulaze juu ya magunia. Nimeuchomelea mwenyewe tangu mwanzo mpaka mwisho, sikuruhusu mtu kushika hata brashi ya rangi. Nimechelewa kwa sababu kazi nzuri haina haraka. Kiungo cha katikati ukipitisha kidole utadhani chuma kimezaliwa hivyo.

Utundike. Ufurahi. Ukinitaja, nakuja kuung'oa.

Kaka yako


Tarehe 31 Machi

Kaka,

Sitakusalimu. Mama ndiye anayekusalimu, mimi nimekasirika.

Tuliutundika jana asubuhi, ukiwa umefunikwa kitambaa cha zambarau. Wanaume wamepanda ngazi, wamefunga boliti, hakuna aliyetazama kwa mbali kwa sababu muda ulikuwa umekwisha na watu wanaingia. Nikaomba. Nikavuta kitambaa.

Mkono wa kushoto umelala. Siyo kidogo. Umeinama kama mtu aliyebeba ndoo ya maji. Wa kulia uko sawa, wa kushoto unaelekea sakafuni. Mtoto mmoja akauliza kwa sauti, "Mama, umevunjika?" na kanisa zima likacheka. Kwaya ilicheka. Mpiga kinanda alijificha nyuma ya kinanda. Yule mzee wa kanisa alifumba jicho moja, akainamisha kichwa upande wa kushoto, akakaa hivyo ibada nzima kama kuku anayesikiliza. Nami nikahubiri juu ya mateso ya Bwana wetu huku watu wameinamisha shingo.

Wewe ni fundi ambaye unajisifu jicho lako ni skwea. Hukosei. Nakumbuka ulichomelea fremu ya mlango wa Mama ukiwa na homa, na mpaka leo mlango unafunga kwa kidole. Kwa hiyo usiniambie ilitokea bahati mbaya. Umefanya makusudi. Ulitaka nisimame chini ya mzaha wako mbele ya watu wangu, na umefaulu.

Unaweza kunichukia mimi. Una sababu, na nimekuandikia kwamba unayo. Lakini msalaba si wangu. Kuna wajane humo ndani, kuna mama aliyezika watoto, wanautazama huo kwa sababu hawana pengine pa kutazama. Umewatemea mate wao.

Ijumaa Kuu ni tarehe kumi na nane. Nimempata fundi mwingine. Atakuja na grenda, akate kiungo chako, auchomelee upya.

Mdogo wako, kwa sasa


Tarehe 4 Aprili

Mchungaji,

Salamu kwa Mama peke yake.

Ndiyo. Nilifanya makusudi.

Umesoma vitabu vingapi kuhusu huo msalaba na hujui kwamba mtu akitundikwa hakai sawa? Mtu ni mzito. Bega moja linachoka kabla ya lingine. Ninyi mnautaka ulingane kama dirisha la benki, mng'ae, mweke maua chini, msahau kwamba pale palikuwa na mtu anayeshindwa kuvuta pumzi. Mimi nimekuletea msalaba uliobeba mtu. Ukiangalia mkono wa kushoto unajua kuna kitu kizito kilining'inia. Huo wako uliolingana haujawahi kubeba hata koti.

Kwa hiyo waache wainamishe shingo. Ni vizuri kwa shingo za matajiri.

Kuhusu huyo fundi wako. Tangu nianze kazi hii, hakuna mtu aliyewahi kupeleka grenda kwenye kiungo changu. Magari yamegonga mageti yangu, geti likapinda, kiungo hakikuachia. Unamwajiri mtu akate mkono wangu mbele ya watu wako, halafu unaniambia habari za upendo? Akigusa, mimi na wewe tumemalizana. Mama akifa tutakutana kaburini, utasimama upande wako na mimi wangu. Nimemaliza.

Shemeji yako analia hapa huku anaandika. Usijali, ana mafua.

Kaka yako


Tarehe 10 Aprili

Kaka,

Shikamoo.

Fundi alikuja jana. Barua yako ilikuwa mfukoni mwangu, na nilikuwa nimekusudia kumwambia akate. Tuliuteremsha msalaba tukaulaza juu ya mabenchi. Aliwasha grenda, halafu akaizima. Akapitisha vidole kwenye kiungo, mbele, nyuma, mbele tena. Akaniuliza, "Huyu aliyechomelea ni nani?" Nikasema ni kaka yangu, alifanya makusudi, ni mtu wa dharau.

Akasema, "Mchungaji, mtu wa dharau hapitishi moto namna hii. Huyu amekwenda polepole sana. Angalia hapa, amesimama, ameshika kwa mkono, chuma bado kina moto, ameendelea. Kuna ngozi imeganda hapa." Nikatazama. Ilikuwepo, kaka. Ngozi ya kidole, chini ya rangi.

Halafu akaniuliza swali moja juu yako.

Nimerudi nyumbani nikatoa barua zako zote nikazipanga mezani. Ya kwanza, ile yenye herufi za ubaoni. Zote zilizofuata, mwandiko wa shemeji. Nikamuuliza Mama. Mama akasema, "Alipokuja mwaka jana kuniona, alinisalimia vizuri. Akanishika uso wangu wote kwa viganja. Nilidhani ni mapenzi." Kisha akaongeza, "Yalikuwa mapenzi. Lakini alikuwa ananitafuta."

Sikuulizi kama mchungaji. Msalaba uko juu ya mabenchi, haujakatwa, fundi nimemwambia asubiri. Nakuuliza lile swali lake.

Kaka, unaona?

Mdogo wako


Tarehe 15 Aprili

Mdogo wangu,

Hujambo? Mama hajambo? Mwambie kweli nilikuwa namtafuta, na nilimpata.

Anaandika shemeji yako, na leo nimemwambia asichuje.

Ilianza katikati. Nikimtazama mtu, masikio nayaona, mabega nayaona, uso haupo. Kuna duara la moshi mahali pa uso. Daktari wa macho anasema ni ule mwanga wa kuchomelea, umenila kidogo kidogo tangu ujana, tangu yule fundi mkuu wangu alipokuwa na kinyago kimoja cha kuzuia mwanga, anakivaa yeye. Usiku macho yalikuwa kama yametiwa mchanga, na Mama ananikandia kwa kitambaa cha maji, na wewe unasoma pembeni kwenye taa, unanong'ona ili usinisumbue. Hilo silikulaumu. Ulikuwa unanong'ona vizuri. Mambo mengine ya jiografia nilijifunzia hapo.

Kisha moshi ukatanuka. Karakana niliifunga muda mrefu uliopita. Nilipopata ombi lako nilikwenda nikafungua kufuli, nikafuta vumbi mashine. Msalaba wako ndio kazi yangu ya mwisho. Ncha za mikono niliziona kwa pembeni, moja moja, lakini nikizitazama zote mbili kiungo kinapotea, nikitazama kiungo kila kitu kinapotea. Skwea iko ukutani kweli. Niliishusha, nikashindwa kusoma imekaa sawa au haijakaa. Basi nikashika kwa vidole. Nilijua kimekaa sawa. Nilikuwa na uhakika kama ninavyojua jina langu.

Uliposema kanisa lilicheka, nilikaa chini. Halafu nikakuandikia yale ya mtu mzito na bega linalochoka. Niliyabuni hapo hapo, shemeji yako shahidi. Ila nikikaa peke yangu nayaona si mabaya sana.

Utauliza kwa nini sikusema. Kwa sababu nikisema sioni, mahubiri yako yanakuwa kweli. Nakuwa mtu aliyepoteza kitu kwa ajili yako. Nilipendelea unione mtu mbaya. Mtu mbaya anaogopwa, kipofu anaimbiwa.

Kuhusu vifungo. Kamasi ulikuwa nazo, hilo nashikilia. Lakini waya wa redio niliukata mwenyewe, na kwa ajili hiyo Mzee alinichapa jioni, na sikuwahi kumwambia nilikouweka. Kwa hiyo sijui. Nilivuliwa, halafu nikakuvalisha. Yote mawili yalitokea asubuhi moja na mimi ni mtu mmoja. Labda hata huyo wako ilikuwa hivyo, alitolewa na akajitoa, na ndiyo maana jasho lilimtoka. Mengine ya huko juu siyaelewi. Pale bustanini namwelewa. Alisema hataki, kisha akakaa.

Ukitaka kunihubiri, nihubiri. Ila sema Mzee alinivua. Sema nililalamika miaka yote na bado nalalamika. Usinipake mafuta usoni.

Na mwambie fundi wako akate. Akate kiungo, aunyooshe mkono, wajane wapate kitu kilichonyooka cha kutazama. Safari hii hakuna aliyenivua, natoa mimi. Mwambie tu aanzie upande wa chini, chuma ni kinene huko, na kile kipande cha ngozi asikitupe kwenye takataka, ni changu.

Nitakuja Ijumaa. Tutakaa nyuma. Usiniite mbele.

Jambo la mwisho, na shemeji yako ameshanisukuma kwa kiwiko mara mbili. Barua ile ya Februari ni uongo. Foleni ya wateja haikuwepo, macho ya tai hayakuwepo. Yule fundi anayeshikwa mkono kupelekwa msalani ni mimi. Aliyeliamkia geti ni mimi. Bahati sikuwa nayo. Sioni.

Kaka yako